Kiti Kisicho na Miguu ya Nyuma

Baba,

Barua hii isome peke yako. Kama huko uliko umekutana na ndugu zetu waliotangulia, usiwaonyeshe hata mstari mmoja.

Kiti chako wamekiongezea miguu ya nyuma.

Siku ya kuondoa msiba, Baba Mkubwa alifika kutoka Inyonga na wazee wenzake ili wanikalishe kwenye kiti chako mbele ya ukoo, niwe mrithi. Alikizunguka, akatikisa kichwa. "Masikini mdogo wangu. Amekufa hajakimaliza." Akamwita mchomeleaji.

Mimi nilijua, Baba. Ulinieleza mara ngapi pale karakana? Kwamba karibu miaka mia iliyopita fundi mmoja wa Ulaya aliunga mabomba ya gesi, akapata kiti chenye miguu ya mbele tu. Kwamba waliomfuata walikunja bomba moja refu bila kulikata, kiti kikawa kinanesa. Wewe ulijaza mchanga kwenye bomba lisibonyee kwenye kona, ukawamba ngozi ya ng'ombe. "Hapa unakalia hewa," ulisema, "ila ni hewa ya chuma."

Nilifungua mdomo. Baba Mkubwa akaniwahi: "Karani, unataka uanguke mbele za watu, tukuokote na suti yako?" Wakacheka. Nikasema, "Hapana, Baba Mkubwa." Kisha nikaishika ile miguu isiyumbe wakati inachomelewa. Mikono yangu mwenyewe.

Sasa hakinesi. Kimekakamaa kama benchi la zahanati.

Na wewe nakulaumu. Ulijua mimi mwoga. Mbona siri ya kiti hiki ulimwachia mwoga peke yake? Kaka yako hukumkaribisha akikalie hata siku moja. Ulimwona mshamba, na mimi ndiye ninayelipa.

Nimeazima msumeno wa chuma. Kwa wazee, kukata kiti cha urithi ni kuukata ukoo. Mtoto yeyote akiugua mwaka huu, nitaambiwa ni mimi. Naogopa. Lakini Jumamosi Mama akienda Katumba, nitaikata miguu hiyo yote miwili. Nakuahidi.

Kwaheri, Baba. Ukiona nasita, nijie. Usije nyumbani, Mama atashtuka. Njoo kazini kwangu, masjala, saa moja na nusu asubuhi, kabla wenzangu hawajafika. Dirisha la upande wa reli huwa naliacha wazi. Usipige hodi. Sogeza jalada la juu kidogo tu, nitajua ni wewe.