Kitanda Kilichobarikiwa Sokoni

Harrowick,
siku ya tatu baada ya Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli

Kwa Baba yangu mpendwa, Thurstan,

Shikamoo, Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepata nafuu baada ya mavuno. Mama hajambo? Na yule ng'ombe mwekundu, ameshazaa? Mimi sijambo, tena sijambo kuliko siku zote za maisha yangu, maana nimeolewa na Wymond, na kila asubuhi nikifumbua macho nikamwona kando yangu, moyo unanirukaruka kama samaki kapuni. Namwomba Padri anayekusomea asiruke mstari hata mmoja, wala hii ya mapenzi. Watawa walionifundisha kuandika hawakunifundisha kuficha.

Salamu zako nimezipata kwa yule muuza chumvi. Umesema Wymond ni mtu wa kibanda, kwamba aliikataa ardhi uliyotupa, na kwamba nirudi nyumbani kabla watu wa Abati hawajaniangushia paa kichwani. Ngoja nikueleze.

Desturi ya soko letu unaijua. Uwanja ni wa Abati, mkuu wa monasteri. Kila Jumatano wachuuzi husimika nguzo, hutandaza vitambaa juu, huuza, na kengele ya jioni ikilia kila kitu hung'olewa, uwanja ukabaki mtupu. Wymond amekisimika na kuking'oa kibanda chake cha viatu kwa miaka tisa. Hawise muuza samaki wa mikunga, jirani yetu sokoni, husema nguzo za Wymond zimetembea kuliko viatu anavyouza.

Basi mwezi uliopita hatukuzing'oa. Msimamizi wa soko, Bwana Fulk, alikuwa safarini na Abati. Tulisuka fito kati ya nguzo, tukakandika udongo, tukaezeka nyasi, tukajenga meko. Fulk aliporudi alisimama mbele ya ukuta wetu akauliza huu ni uchafu gani. Wymond akamjibu kwa upole kwamba ni nyumba. Fulk alicheka mpaka akajishika mbavu, akasema hata banda la bata lina heshima kuliko hiki, na kwamba Jumatano kengele ikilia atakuja na nyundo. Hawise akampigia kelele kutoka kwenye mapipa yake kwamba aje na mkewe pia, huenda mama wa watu akafurahi kuona nyumba ambamo mume hukaa. Soko zima lilicheka.

Lakini nyundo hazina mzaha. Kibanda, msimamizi hukivunja akitaka. Nyumba haiguswi mpaka wazee kumi na wawili wa mji wakae na kuamua. Na wazee walikuwa wanasema ukuta na meko havitoshi, nyumba ni mahali watu wanapoishi, na sisi tulikuwa bado hatujaoana.

Kwa hiyo tukaiwahisha harusi. Jumatano ileile tulifunga ndoa mlangoni mwa kanisa kama watu wote, halafu ikaja zamu ya Padri Gervas wa hapa mjini kutufuata nyumbani atubarikie kitanda. Akauliza kitanda kiko wapi. Nikamwonyesha uwanja wa soko. Alikuna upara, akanung'unika kwamba Abati akikasirika yeye Krismasi atakula wapi. Hawise akamwambia, "Padri, kitanda ni kitanda. Nyunyiza maji twende tukanywe bia."

Tuliketi kitandani kama inavyotakiwa, mimi na taji langu la maua, Wymond uso umemwiva kama kishungi cha jogoo. Oh, Baba, alivyokuwa mzuri! Kengele ikalia. Fulk akaingia na watu watatu na nyundo zao, akamkuta Padri ameinua mkono, anamwomba Mungu ailinde nyumba hii na wote watakaolala ndani yake. Fulk alingoja amina, kisha akaamuru kibanda kishushwe. Nikamwambia, "Bwana Fulk, vua kofia. Umeingia chumbani kwa watu."

Na akaivua! Mkono ulitangulia akili. Alipogutuka kofia ilikuwa kifuani, na wazee saba wanachungulia mlangoni.

Ijumaa wazee walipokaa, waliulizana swali moja tu: nani aliwahi kuvua kofia ndani ya kibanda? Hakuna. Ikaandikwa kuwa ni nyumba. Fulk anaapa kwamba Abati ataipinga. Na apinge! Jumatano hii kengele ililia, Hawise akakaa juu ya pipa lake, hakugusa nguzo hata moja. Mwokaji naye hakugusa. Kati yao na sisi pameanza kuwa na njia, na watu wameshaipa jina, Mtaa wa Viatu.

Sasa nafika mahali ambapo mkono unakuwa mzito. Baba, Wymond hakuikataa ardhi yako. Aliikubali siku ileile uliyompa, kwa furaha. Alikwishafunga nguzo zake kamba na kupakia ngozi kwenye mkokoteni aje kulima kwako. Aliyezikata kamba ni mimi. Nilimwambia kama ananitaka, atanioa hapahapa au asinioe kabisa. Udongo wa ukuta niliukanda mimi. Hata yale maneno ya kiburi uliyoletewa, kwamba hatutaki kulima tope la mtu mwingine mpaka tuzikwe humo, niliyasema mimi. Wymond aliacha yabebwe kwa jina lake ili hasira yako imwangukie yeye.

Siwezi kumpenda hivi nikamwacha aibebe. Nikasirikie mimi. Nakupenda, Baba, wala sijuti, na sirudi.

Mpe Mama busu langu. Mkweo anakuamkia kwa heshima zote, na anaomba kipimo cha mguu wako. Ukija mjini usisimame uwanjani kuniita kama wanavyoitwa wachuuzi. Tuna mlango. Piga hodi.

Ni mimi binti yako,
Avice, mke wa Wymond