Sambaza za Harusi na Beseni Isiyo na Nyongeza

Mama Kasoki wetu wa radio, unisikilize kidogo, nina furaha mpaka usingizi unanikataa lakini furaha yenyewe inataka kuharibika. Mimi ni Léoncie wa Murara, ninauzisha sambaza, hawa samaki wadogo wa ziwa, na Jumamosi ninaolewa na Védaste, muvuvi, huyu ambaye wakipiga makasia anatia jina langu ndani ya wimbo na watu wote wa kando ya ziwa wanacheka. Sasa, tangu volkano imwagike na vita ilete wakimbizi wa kambi ya Kanyaruchinya kuvua pamoja nasi, sambaza zilipunguka, tukapatana wote kila timu ilete beseni saba tu kwa siku, wakanichagua mimi nizipime. Lakini sisi unatujua, beseni bila nyongeza juu tunaona ni matusi, watu wakapandisha nyongeza hata saba zikawa kama kumi, ndipo tukasema mupimaji apanguse kwa mukono, ibaki sawa na mudomo wa beseni. Na kweli sambaza zimeanza kurudi, hata mama wa kambini wanapata kitu. Sasa Védaste anataka Ijumaa nisipanguse beseni zake, ati wageni wa kwetu Rutshuru watakula nini, na jana nilipokataa mbele ya wenzake alisema, "Basi uolewe na beseni yako." Ninamupenda, Mama, lakini nikimuachilia yeye, kesho nitamupangusia nani?

Léoncie, mutoto wangu, kwanza vigelegele, vinasikika studio nzima. Pili, pangusa. Unaniuliza nini wakati jibu umelisema mwenyewe? Ukiachilia harusi, timu ingine italeta ubatizo, ingine matanga, na wale wa kambini wasio na shamba ndio watakosa.

Lakini Védaste hana tamaa, ana haya. Anaogopa wakwe wacheke sahani zake. Na wewe ulimukatalia mbele ya watu bila kumuita pembeni, hapo ulikosa. Omba radhi kwa hilo, si kwa samaki.

Kisha mutume shangazi yako kwa kila timu. Usiende mwenyewe, wewe unayewapimia, wasije wakaona unawalazimisha. Aombe kila mwenye moyo atoe kopo moja ndani ya beseni zake saba. Sombe ya majani ya muhogo na fufu ya unga wake zitajaza kilichobaki.

Védaste akinuna bado, umuambie zile sambaza anazoziacha ziwani ni za watoto wenu, na wa kwanza, Mungu akipenda, ni wa mwaka ujao.