Dayodi za Baba

Woolwich, London
12 Novemba 2001

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai umzima na kwamba kile kikohozi kimekwisha. Sisi huku tupo. Baridi imeshaingia, Mama analala na soksi na kofia.

Zile dayodi ulizoagiza zimepatikana, na sasa najua ni vidude vya kupitisha umeme upande mmoja tu. Nilidhani ni kwenda dukani tu, kumbe maduka ya hapa yanauza za redio, na wewe ulisema hizo ukizitia kwenye mashine yako ya cheche zinaungua papo hapo. Nilitaka kukuandikia kuwa hazipo. Mama akakataa. Alivaa koti akaniambia twende, tusipozipata leo tutazipata kesho.

Tulifika mpaka Kingsbury, kwa fundi mmoja wa televisheni, Mhindi, jina lake Vijay. Ni mzaliwa wa Mombasa, kwa hiyo Mama alimsemesha Kiswahili. Alipouliza ni za kazi gani, Mama alimwambia mumewe ni mwalimu mstaafu, yuko Wete, anaunda mashine ya kurusha cheche za umeme, na mtaa mzima unaiogopa. Vijay alicheka, akaingia nyuma kufungua maoveni mabovu ya maikrowevu. Kila moja lina dayodi moja tu ya volti kubwa, ndiyo maana tulikaa sana. Amekuusia kwamba hata ukishaizima mashine usiiguse mpaka uutoe umeme unaobaki kwenye kapasita, maana unaua. Mama alimtaka arudie.

Kwenye basi nilimuuliza Mama kwa nini anajihangaisha hivi na miguu imemvimba. Alisema, "Babaako akikosa cha kushughulisha mikono atakaa barazani anifikirie mimi."

Baba, hapa naomba usome umekaa. Dawa za Mama zimesitishwa. Daktari alituita mwezi uliopita, akasema ugonjwa umefika kwenye ini na hawana tena la kufanya. Nilimfasiria Mama neno kwa neno, kama ninavyowafasiria watu kazini. Akaniambia nimshukuru daktari. Nikamshukuru. Kwenye simu anakwambia anaendelea vizuri, na mimi nipo kando yake nimenyamaza. Anajua naandika barua, hajui naandika nini.

Anataka kurudi nyumbani. Daktari ameruhusu, ila tusichelewe. Tunakuja Ijumaa ya wiki ijayo, inshallah. Kitanda kihamishie chumba cha mbele, karibu na choo. Tafadhali usimwoneshe kuwa unajua. Mwache akwambie mwenyewe.

Mimi sijalia, Baba. Naenda kazini, narudi, napika uji, nakunja nguo zake. Watu wananiuliza hali, nawajibu nzuri, na nikisema hivyo sisikii chochote ndani.

Barua hii na kifurushi anakuletea Ummukulthum, jirani yetu hapa, anayesafiri kesho. Nisalimie Shangazi na wote wa hapo nyumbani.

Mama anakusalimu sana. Amesema nikwambie anakula vizuri.

Mwanao,
Zahra