Migomba Isiyo na Mwenyewe

Nduruma, chini ya mlima Meru
9 Mfunguo Pili 1329 (Wadachi wasema Novemba 1911)

Kwa mwanangu Sophia, jicho langu la kulia,

Pokea salamu nyingi kama mvua ya huku. Sisi wazima, mimi, baba yako Athumani na mdogo wako Mwanaidi. Hofu yetu ni kwenu, wewe na mjukuu wangu Rukia. Kikohozi chake kimekwisha? Mpe asali na ndimu, wala usimsikilize huyo mwenye nyumba wako. Hajui dawa, anajua kudai pango tu.

Sasa kaa chini usome vizuri, maana mama yako si yule wa chumba kimoja tena. Mwanangu, nina nyumba! Nyumba ya msonge, na shamba la migomba limeizunguka, na mfereji wa maji unapita karibu na mlango, unaongea peke yake mchana kutwa. Hakuna wa kunigongea mwisho wa mwezi. Bwana Mikidadi, yule mwandikishaji wa watu wa kazi ambaye pale Tanga tulimwona mwongo, hakutudanganya hata neno moja. Si alisema twende na watoto, kwa sababu bwana shamba, Mdachi mwenye shamba la kahawa, anataka watu wenye familia, mwenye familia hatoroki? Basi tulipofika tu, tukaonyeshwa nyumba saa ile ile. Mafiga matatu bado yako jikoni, ndizi zimeiva mgombani, na mtu hapana. Nikamuuliza msimamizi, "Hivi ni vya nani?" Akasema, "Havina mwenyewe." Haya, sasa vimempata, ni mimi Zamda binti Makame!

Baba yako kapewa unyapara wa watu ishirini. Na mpishi wa bwana shamba, mtu aliyewapikia wakubwa wa bomani Arusha, alionja maandazi yangu akanyamaza. Mpishi akinyamaza ujue umemweza.

Katikati ya migomba palikuwa na duara la mimea mirefu, majani kama panga, imejipanga kama watu waliosimama kwenye dua. Haina tunda wala kivuli. Nimeing'oa yote nikapanda pilipili. Udongo wa pale ni laini, mkono unazama mpaka kwenye kiwiko.

Tangu mumeo akupe talaka unahangaika peke yako hapo mjini, kila kitu ghali, hata maji. Nenda kwa Bwana Mikidadi akuandikishe, wanawake nao wanachukuliwa kuchuma kahawa. Mwanaidi kamtengea Rukia nafasi kitandani, upande wa ukutani, na anasema, "Mwambie Rukia kuwa mama yake mdogo anamsalimu."

Mimi mama yako, mwenye nyumba,
Zamda

~

Tanga, 14 Mfunguo Tatu 1329

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama, na baba shikamoo. Mwanaidi hajambo? Sisi hatujambo, ila kikohozi cha Rukia kinakwenda kinarudi kama mgeni asiye na haya. Idi tumeila vizuri, ingawa nyama tulionjeshwa tu.

Mama, barua yako imeleta mambo! Bwana Mikidadi alinikabidhi ikiwa imekwisha funguliwa. Kumbe alikuwa ameisoma barazani mbele ya watu wote, na alipofika pale pa mpishi kunyamaza watu wakapiga makofi. Familia kumi na moja zimejiandikisha siku ile ile. Bi Mwanamkuu kaniambia, "Mama yako alitoka hapa na kapu moja, leo ana shamba? Na mimi naenda, siwezi kushindwa na Zamda." Bwana Mikidadi sasa ananiamkia mimi kwanza, na anasema atakupelekea kanga.

Mwenye nyumba kaongeza tena pango. Anasema tangu reli ifike Moshi watu wa kupanga ni wengi, asiyetaka aondoke. Kwa hiyo nafikiri sana kuja.

Lakini mama, usinikasirikie, nina swali. Migomba haijipandi. Hao waliopanda wako wapi?

Mimi mwanao,
Sophia

~

Nduruma, 20 Mfunguo Nne 1330

Kwa Sophia wangu,

Salamu, mwanangu. Huku sote wazima, tunashukuru Mungu. Baba yako homa ilimgusa kidogo ikampita.

Nimecheka sana kuhusu Mwanamkuu! Mwambie aje, lakini nyumba nzuri kuliko yangu hatapata. Huku hata uwanja sifagii. Naamka asubuhi nakuta umefagiwa, mistari imenyooka, taka zimekusanywa pale pale kwenye kona moja. Nani Tanga ana uwanja wa namna hiyo?

Umeuliza waliopanda. Nina jirani Mmeru anaitwa Elizabeth, mtu wa misheni, Kiswahili chake kizuri ila ulimi wake mkali. Alipoona pilipili zangu akashika kichwa.

"Mama Tanga, nani alikuambia ung'oe masale?"

"Mimi mwenyewe. Mimea gani ile ya duara, haiwezi hata kutiwa chumvi?"

"Basi wewe mwenyewe ukaombe radhi."

"Nimwombe nani, na pahali hapana mwenyewe?"

Akaenda zake. Wivu, mwanangu. Mwenye macho haachi kuangalia.

Pilipili hazikushika, zimekauka zote. Nitapanda kitu kingine.

Mwanaidi anacheza. Yuko hapo nje, kwenye migomba. Kampata mtu wa kucheza naye, mama mmoja wa huku, anamfundisha maneno ya Kimeru. Siku hizi hana shida hata ya kula.

Njoo upesi, Sophia. Nyumba ni kubwa kwetu. Njoo na Rukia. Njooni mjaze nyumba.

Mama yako,
Zamda

~

Tanga, 28 Mfunguo Tano 1330

Kwa mama yangu,

Shikamoo. Salamu kwa baba. Natumai homa imemwacha kabisa.

Nimetia dole gumba kwenye karatasi ya Bwana Mikidadi. Tunaondoka na gari la moshi tarehe 20 Mfunguo Sita, mimi, Rukia na familia zile kumi na moja. Mwenye nyumba nimemwambia, akataka kulia, si kwa huzuni bali kwa kuwa hatapata tena wa kumfokea.

Lakini mama, barua yako ya mwisho nimeisoma mara nne, halafu nikampa jirani asome, nisije nikawa naona mambo. Mwanaidi barua ya kwanza alisema, "Mwambie Rukia kuwa mama yake mdogo anamsalimu," ndivyo anavyojikweza na ni miaka mitatu tu kati yao. Mara hii hakusema. Na unasema hana shida ya kula. Mtoto gani hana shida ya kula?

Nimekuzoea unavyojisifu. Ukijisifu barua yako inakimbia. Hii ilikuwa inatembea kwa magoti.

Nijibu kweli. Kabla gari halijaondoka naweza kulifuta dole langu. Ukinyamaza nitajua kuwa ni ndiyo, tuje.

Mwanao,
Sophia

~

Nduruma, 15 Mfunguo Sita 1330

Sophia,

Salamu nimezisahau, nisamehe. Barua yako imefika jana. Leo ni kumi na tano, ninyi mnaondoka ishirini, siku bado zipo. Usije. Usimlete mtoto. Nimeliandika mbele hili ili hata karatasi ikichanika huku chini uwe umekwisha lisoma.

Mwanaidi amekufa. Alikufa tarehe 16 Mfunguo Nne, kwa homa ya siku mbili. Nilipokuandikia kuwa anacheza kwenye migomba alikuwa na siku nne ardhini.

Sikukosa nguvu ya kusema. Nilikosa uso. Familia kumi na moja zimejiandikisha kwa ajili ya nyumba yangu, niseme nini? Hiyo ndiyo sababu ndogo. Kubwa ni mbaya zaidi. Nilitaka uje ili nisikae na jambo hili peke yangu. Nilikuwa radhi kukuingiza wewe na mwanao humu ndani nipate watu. Mama yako ndiye aliyefanya hivyo, si mtu mwingine.

Shamba hili halina mahali pa kuzikia wafanyakazi. Baba yako na wenzake wawili walichimba pale penye udongo laini, penye pilipili. Walipofika kiunoni jembe likatoa shanga, kisha mfupa. Palikuwa na mtu tayari. Duara lile la masale lilikuwa kaburi, Sophia, na mimi nililing'oa kama magugu. Mvua ilikuwa inakuja, maiti yuko mkekani, wakachimba pembeni kidogo. Wamelala wawili, hawapishani hata mkono mmoja.

Kabla ya hapo, Mwanaidi alikuwa akiniambia kuna mama anakuja kufagia. Nikamwambia aache uwongo. Akaanza kumwita kwa maneno ya Kimeru ambayo hakuna aliyemfundisha. Mimi nikajisifu kwa majirani kuwa binti yangu ana akili.

Elizabeth alinionyesha cha kufanya. Kwa Wameru ukimkosea mtu unampelekea jani la sale lililofungwa fundo, hawezi kukukatalia. Nilikwenda nalo hadi ng'ambo ya mto kwa mzee Sumari, ambaye sasa analala nyumbani kwa mkwewe. Nyumba hii ni yake. Migomba aliipanda yeye na mkewe. Wadachi walipopima mipaka ya shamba kubwa walimwambia ahame kabla ya mavuno, akaondoka na ng'ombe, lakini mkewe hakuweza kumbeba, kwa kuwa alikwisha mzika pale.

Nikapiga magoti. Mimi, Zamda! Akalipokea jani. Elizabeth ndiye alikuwa mkalimani.

"Wewe nimekusamehe, ulikuwa hujui. Aliyeng'oa shamba zima hajaniletea jani."

Nikamuuliza, "Na yeye, marehemu, je?"

Akaligeuza lile jani mkononi. "Mke wangu alizaa, ila hakubaki na mtoto hata mmoja. Wote walikufa. Alipenda watoto mno, kila mtoto akipita njiani alimwita. Sasa anaye mmoja. Usimletee wa pili."

Masale tumeyapanda upya, mimi na Elizabeth. Uwanja bado unafagiwa. Na jana kwenye mistari ya ufagio nimeona nyayo ndogo pembeni mwa nyayo kubwa.

Sisi hatuwezi kuondoka. Kipande cha baba yako cha kuhesabia siku za kazi bado siku nyingi kijae, anayetoroka anafungwa kamba na kurudishwa. Na hata kingejaa, nani atabaki na Mwanaidi? Nisipokuwepo atasahau Kiswahili.

Barua hii simpi mtu wa Mikidadi. Kaka yake Elizabeth, bwana Efraimu, anakwenda Moshi kwa mambo ya misheni, ataiweka posta mwenyewe. Ikifika, isome barazani. Pale pale, mbele ya wale wale, na Mwanamkuu akae mbele. Isome yote, na ya mimi kupiga magoti. Wanicheke mpaka wachoke, mradi wasije.

Mama yako,
Zamda

~

Kambini, Mto Usa
17 Mfunguo Sita 1330

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo! Usishangae tarehe. Bwana Mikidadi alipata nafasi kwenye gari la mapema, tukaondoka Tanga tarehe 12. Jibu lako sikulipata, nikasema basi, mama kanyamaza, maana yake ni ndiyo. Moyo wangu ulikuwa mzito njia nzima, nakuambia ukweli. Sasa umekuwa mwepesi, na ndiyo maana nakuandikia kwa haraka nimpe huyu tarishi wa shamba anayetutangulia.

Mama, nisamehe maneno yangu yote. Niliwaza mabaya!

Leo mchana tulikuwa tunavuka mto, manyunyu yanashuka, Mwanamkuu analalamika miguu, anauliza hiyo nyumba ya Zamda iko mbinguni au duniani. Rukia akaniponyoka mgongoni akapiga kelele, "Mama mdogo! Mama mdogo yule!" Nikainua macho. Ng'ambo, penye migomba, Mwanaidi amesimama. Amekuwa mrefu. Ameshikwa mkono na mama mmoja wa huku mwenye shanga nyingi shingoni, nikajua huyo ndiye Elizabeth wako, umewatuma watupokee. Nikapunga mkono. Wakapunga wote wawili. Tulipomaliza kuvuka walikuwa wamekwisha tangulia, sikuwafikia hata kuwaamkia, uniombee radhi kwa Elizabeth.

Tangu hapo Rukia hakohoi. Hataki kubebwa wala hataki kupumzika, amekaa mwisho wa kambi anaitazama njia, anasema anaitwa. Kwa hiyo hatulali hapa. Wengine watakuja kesho, mimi namfuata mtoto sasa hivi, kabla jua halijazama tutakuwa mlangoni kwako.

Mwambie Mwanaidi asiende mbio hivyo. Mwenzake miguu yake bado mifupi.

Mimi mwanao,
Sophia