Swali la Nne na Kamba Iliyopinda

Jumatano, alasiri. Songea. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi imeniingia mpaka kwenye vifundo vya vidole.

Leo nimekasirika, na nisingependa mtu aseme ni hasira za uzee.

Rehema, mjukuu wangu anayesoma kule Buswelu, Mwanza, amenitumia picha ya karatasi yake ya jaribio la kemia. Chini yake ameandika: “Shikamoo babu! Tiki tupu! Hata la nne, ambalo Vero analilia mpaka sasa. Eti ameanza kuhesabu kaboni kutoka pembeni kama mtu aliyepotea njia!” Vero ndiye anayekaa naye dawati moja. Kwa alama ya swali hilo, Rehema amekuwa wa kwanza na Vero wa pili.

Nimevaa miwani, nikaikuza picha. Hata marahaba sijamwandikia.

Swali la nne nalijua. Kaboni tano zimechorwa katika mstari ulionyooka, na kutoka kwenye kaboni ya pili zimening'inia mbili kuelekea chini. Mwanafunzi anatakiwa kuitaja kampaundi hiyo kwa jina lake. Rehema ameandika 2-ethilipentani, yaani mnyororo wa kaboni tano wenye tawi la kaboni mbili. Mwalimu ameweka tiki kubwa nyekundu.

Si sahihi.

Kanuni inasema utafute mnyororo mrefu kuliko yote, hata ukipinda. Haisemi utafute ulionyooka. Ukianzia kwenye ncha ya kile kinachoning'inia, ukapanda, kisha ukageukia kulia, unapata kaboni sita. Kinachobaki pembeni ni kaboni moja tu, nayo inakaa kwenye nafasi ya tatu. Jina ni 3-methiliheksani. Vero ameandika hivyo, na amepewa sifuri.

Nimeitazama tiki ile mpaka chai ikapoa. Niliwahi kupewa tiki ya namna hiyo, kwa swali hilohilo, Mwanza, miezi michache kabla ya Uhuru.

Wakati ule nyumbani kwetu kulikuwa Pasiansi. Baba alikuwa fundi wa kamba za kuvulia. Kamba hizo si nyavu. Ni kamba kuu moja ndefu, na juu yake zimefungwa kamba fupi nyingi, kila moja na ndoano yake. Wavuvi walimletea zikiwa zimevurugika ndani ya tenga, huwezi kujua ipi ni ipi. Baba hakuzinyoosha kwanza. Alishika ncha moja, akafumba macho, akaipitisha kamba kati ya vidole mpaka ncha ya mbali kabisa. Hiyo ndiyo kamba kuu, hata kama ilijikunja mara kumi humo ndani. Zilizobaki ni matawi. Kisha alihesabu mafundo kuanzia ncha iliyo karibu na tawi la kwanza, akamwambia mwenye kamba: “Ndoano yako ya fundo la tatu imekatika.”

Nilifanya kazi hiyo na baba tangu nikiwa na miaka minane. Kwa hiyo siku mwalimu wetu wa kemia, mtu wa kutoka ng'ambo, alipoandika kanuni za kutaja alkani zenye matawi ubaoni, mimi na Magesa tulitazamana tukacheka. Magesa alikuwa mtoto wa wavuvi wa Majita, aliyekuja kusoma Mwanza. Tulizijua kanuni zile kabla ya kuzisoma.

Lakini mwalimu mwenyewe alikuwa na tabia moja. Mnyororo mkuu aliuchora ukiwa umenyooka daima, kwa rula, na alipenda tuhesabu alichonyoosha yeye.

Jaribio la mwisho wa muhula lilikuja na swali lile. Ilijulikana kwamba mwalimu atapendekeza mmoja tu kuendelea na masomo ya sayansi, na kwamba ni mimi au Magesa.

Niliandika 3-methiliheksani. Nakumbuka wino ulivyong'aa kabla haujakauka.

Kisha nikafikiri jinsi mwalimu anavyochora. Nikalikata jibu kwa mstari mmoja safi, nikaandika alichotaka.

Karatasi ziliporudi, mimi nilikuwa na tiki na Magesa alikuwa na sifuri. Alisimama palepale. Alisema kwa adabu kabisa kwamba kamba ikipinda haigeuki kuwa kamba mbili. Mwalimu akamjibu mbele ya darasa zima: “Hapa ni maabara, si mwaloni. Kaa chini.” Darasa likaangua kicheko. Kuanzia saa ile wakamwita Bwana Mwalo, kwa jina la ufukwe wa kushushia samaki, na wengine wakaziba pua alipopita.

Magesa hakukaa. Alinigeukia mimi.

“We mtoto wa fundi kamba, si unaona? Hebu simama useme!”

Nilitazama viatu vyangu. Kimoja kilikuwa kimefunguka kamba. Niliinama nikaanza kuifunga, polepole sana, mpaka mwalimu alipomtoa Magesa nje.

Aliambiwa aombe radhi. Alikataa. Wiki ile jina langu likapelekwa, na yeye akarudi Majita. Sikumwandikia barua hata moja.

Jioni zilezile tulikuwa tukikimbilia uwanjani kusikiliza hotuba, tukipiga kelele za Uhuru mpaka sauti zinakauka. Mimi nilipiga kelele kuliko wenzangu. Nilitaka nchi nzima isimame wima, ilhali mwenyewe sikuweza kusimama kwa ajili ya kaboni moja.

Kwa miaka mingi hasira hii nilimwekea yule mwalimu. Ni yake kweli, na simsamehe ule mwalo wake. Mtu aliyetumwa kufundisha kanuni alizikanusha kwa sababu zilitoka katika mdomo wa mtoto wa mvuvi. Lakini yeye hakuijua ile kamba. Mimi niliijua.

Baba aliuliza mara moja tu kwa nini Magesa haji tena kutusaidia kamba siku za Jumamosi. Nikamwambia amehama. Baba akaendelea kupitisha kamba vidoleni. Sijui kama aliniamini.

Nilisoma, nikawa mpimaji wa maji serikalini. Kazi ikanipeleka Dodoma, kisha Mtwara, kisha huku Songea. Watu huniuliza kwa nini sikurudi ziwani baada ya kustaafu. Huwa nasema ni kwa sababu ya gharama. Ukweli ni kwamba barabara ya Musoma inaanzia Mwanza, inapita Magu na kuendelea hadi upande wa Majita, na sikutaka kukaa mahali ambapo ningeweza kupanda basi asubuhi na jioni nikawa nyumbani kwa Magesa.

Basi leo nimeona tiki ile imefika mpaka kwenye damu yangu. Nimemwandikia Rehema bila kupamba: “Vero yuko sahihi. Kesho chukueni karatasi zote mbili, nendeni kwa mwalimu. Mwambieni hesabu inaanzia ncha ya chini.” Nikamchorea na mchoro.

Amejibu haraka, vijana wa siku hizi hawakawii. “Babu jamani! Nitashuka niwe wa pili!”

“Utashuka.”

“Lakini si mwalimu ndiye kakosea? Mimi nimeiba nini? Tunyamaze tu babu, Vero atasahau.”

Nimesimama, nikazunguka meza. Nimekasirika, na si kwa sababu ya mtoto. Maneno hayo nayajua. Niliyasema moyoni huku nikifunga kamba ya kiatu.

Nikamsimulia habari za Magesa. Nimeandika kwa kidole kimoja karibu nusu saa, na ule mwalo na kile kicheko cha darasa, vyote. Amesoma. Kisha ameuliza jambo moja.

“Na wewe babu, baadaye ulimwambia mwalimu?”

Ningeweza kumwambia kwamba mwalimu aliondoka baada ya Uhuru. Ni kweli, aliondoka. Lakini kabla ya hapo alikuwepo muhula mzima, na nilipishana naye kila siku kwenye ukumbi wa shule.

Nimemjibu: “Hapana.”

Ameusoma ujumbe huo.

Kesho saa moja na nusu asubuhi ataingia darasani akiwa na karatasi mkononi, na Vero atakuwa amekaa pembeni yake. Je, atasimama? Mimi sitakuwepo kumwona. Mara ile nyingine nilikuwepo.