Mkono Wako Kwenye Picha ya Majani Matatu

Kuluba, Koboko

Kwa mke mwenzangu Hawa, nyumbani Logiri,

Asalam aleikum, Hawa. Nakusalimu kwa mikono yote miwili, ingawa mmoja una hasira. Goti lako la kushoto linasemaje? Na lile sikio lako linalosikia sifa tu, limepona? Mbuzi mwenye pembe moja amezaa? Huku sisi wazima. Binti yangu alijifungua salama, mtoto ananyonya kama ndama, na mimi tangu nije kumlea mzazi, mgongo haujanyooka. Mvua inachezacheza. Mtama umesimama kama mtu aliyesahau alichotumwa, lakini muhogo upo, hatulali njaa.

Ningepiga simu, ila kwenye simu wewe unanikatiza. Barua haikatizwi. Anayeandika ni mjukuu wetu Zamzam, na ndiye atakayekuletea na kukusomea. Zamzam, andika ninavyosema, hata mabaya. Usinitengenezee.

Hawa, nina wivu na wewe.

Si ule wa zamani. Mzee wetu yuko kaburini, mambo ya zamu yalikwisha. Huu ni wivu wa kiazi.

Mwezi uliopita Zamzam alikuja na ile simu yake. Unajua kazi yao, yeye na wenzake: wanapita porini wanapiga picha miti, majani, ndege, hata kinyonga, wanaandika jina tunalokiita kila kitu na mahali kilipo, kisha watu wa mbali wanaangalia na kusema ndiyo ni chenyewe au siyo. Mimi nilikuwa napepeta maharagwe, yeye ananionyesha. Huyu ndege wa kule Ayivu. Huu uyoga wa kichuguu. Halafu nikaona mti unaotambaa, wenye miiba, majani yake matatu matatu. Na mkono umeshika jani.

Kusoma sijui, lakini mkono ule naujua. Una pete ya fedha aliyokununulia Mzee pale sokoni Arua, siku ileile mimi nilinunuliwa blanketi. Blanketi lilichakaa. Pete iko.

Nikauliza, "Hii mkono iko ya nani?"

"Ya bibi yangu, Haboba Hawa. Yeye ndiye alinionyesha. Watu wamefurahi, Haboba! Upande wetu hakuna mutu alikuwa amepiga hii."

Hawa, nani alikufundisha kiazi cha porini cha majani matatu? Mwaka ule wa vita tulipokimbilia Congo na watoto mgongoni, wewe mtoto wa kambi ya askari ulijua mchele wa dukani tu. Ulikichimba ukataka kukichoma hivyohivyo, nikakupiga mkono. Nikakuambia, "Kula, tukuzike hapa kwa watu." Mimi nilikimenya. Mimi nilikikata vipande vyembamba, nikavilaza kwenye kijito siku tatu mpaka maji yakaondoa sumu. Na mimi nilikuambia kwamba mwenye kuchimba anakata kichwa cha kiazi, anakirudisha shimoni, ili mwenye njaa atakayekuja nyuma naye akute. Leo picha iko na mkono wako!

Nikasema nitakushinda.

Huku Kuluba, nyuma ya jiwe kubwa, nilikuwa nimeona majani matatu. Shina moja tu. Nimetafuta kutoka kijitoni mpaka barabarani, hakuna lingine. Niliposikia Zamzam anarudi Alhamisi, nikaenda na jembe. Unajua desturi yetu: mwanamke hampeleki mtu mahali pake pa porini. Anakileta kitu nyumbani, mahali panabaki pake. Nikachimba kiazi chote. Kilikuwa kikubwa kama kichwa cha mbuzi dume, kikubwa kuliko chochote ulichowahi kuchimba wewe. Nikakibeba nimekifunika kitenge, mtu asiulize. Nusu nikaimenya nikailaza majini, ili mtoto aone kazi. Nusu yenye kichwa nikaiweka kwenye mkeka katikati ya uwanja kama bwana harusi, na kichwa chenyewe nikakipasua, aone weupe wa ndani.

Zamzam akashuka kwenye boda, akaona. Simu hakuitoa.

"Haboba, hii ilikuwa wapi?"

"Iko hapa. Piga. Piga na mkono wangu."

"Mimi napiga kitu pale inakaa. Hii sasa iko uwanjani."

"Kwani ikifika uwanjani inakuwa kuku?"

Hakucheka. "Iko ingine?"

"Iko hii tu."

Akakaa chini akalia, Hawa. Mtu mzima, mwenye kitambulisho. Kisha akasema, "Na kichwa umepasua? Haboba Hawa aliniambia, mwenye kuchimba anarudisha kichwa."

"Na huyo Hawa alifundishwa na nani?"

"Na wewe."

Akatoa simu, akanisomea maneno yaliyo chini ya ile picha yako. Kumbe yalikuwepo siku zote, mimi nilitazama pete tu. Yalisema: Nimeonyeshwa na Hawa wa Logiri. Yeye anasema alifundishwa na mke mwenzake Zainabu mwaka wa kukimbia, na bila Zainabu watoto wao wasingepona.

Kuku wakapanda mkekani, sikuwafukuza.

Utadhani wivu uliisha hapo. Haukuisha, uligeuka tu upande. Kwanza nilikuonea wivu kwa picha. Sasa nakuonea wivu kwa sababu ulinisema vizuri mahali ambapo mimi sipo. Ingekuwa mkono wangu kwenye ile picha, Hawa, wewe nisingekutaja. Nakuambia ili ujue. Umenishinda kwa pete, umenishinda kwa kuishi na mjukuu, sasa na kwa ulimi pia. Ukitaka kucheka cheka, Zamzam ataniambia umecheka kiasi gani.

Nilimpeleka Zamzam shimoni. Mtu wa kwanza kumpeleka mahali pangu. Akapiga picha ya shimo, na jiwe, na mti ulio karibu. Vile vipande vya kichwa nilijaribu kuvirudisha, vikawa vyeusi, vikaoza.

Kwa hiyo nakuomba, na unajua mimi kuomba kunaniuma kama jino. Chimba kimoja huko kwako. Kata kichwa pamoja na nyama yake, upana wa kiganja, kifunge kwenye jani la mgomba lililoloweshwa, siyo mfuko wa plastiki. Lakini usimpe Zamzam alete. Kilete wewe. Kutoka Arua mpaka Koboko goti linakaa tu ndani ya gari, halitembei, na mimi nitakungoja stendi. Zamzam anasema kitakachoota kitaandikwa kwamba kimepandwa na mtu, hakikujiotea. Sawa. Aandike kimepandwa. Aandike na nani, na aandike kwa nini. Jani likitoka tulishike sote. Njoo na pete yako, sitakasirika. Nitakasirika, lakini jani nitalishika.

Majina yawe mawili. Langu liwe la kwanza, kosa ni langu.

Nisalimie shemeji yetu mwenye shamba la muhogo, umwambie anywe dawa. Nisalimie mkwe wetu mshona nguo, na mama yake Zamzam, umwambie mtoto wake analia ovyo lakini ana macho. Wajukuu wote wabusu, hata yule mwizi wa karanga.

Ile nusu niliyoilaza majini imetoka safi. Nimekuanikia vipande, Zamzam anakuletea. Ni tamu kuliko ya kwako.

Shimo sijalifukia, Hawa. Liko wazi.

Ni mimi,
Zainabu, mke mkubwa