Mikono Juu ya Magoti

Bwera, nyuma ya soko

Yaya wangu Masika, dada yangu mkubwa tuliyenyonya ziwa moja,

Nakuamkia wewe kwanza, halafu nawazungukia wote kama mtu aliyeingia nyumbani anayesalimia kila aliyekaa. Mama yetu mzee hajambo? Miguu yake bado inavimba mvua ikinyesha? Mwambie namkumbuka kila nikitwanga sombe, majani yetu ya muhogo. Shemeji, baba wa watoto wako, kazi ya matofali inampa nafuu? Na Kahindo, binti yangu niliyekuachia, anakusikia au ana kichwa kigumu kama mimi zamani? Mgombeze kidogo, mpende sana. Mjomba katekista umwambie herufi alizonifundisha ndizo hizi, zimepinda lakini zinatembea. Yule jirani muuza mawese pia, na wajukuu zake wote, nawasalimu. Mimi ni mzima. Jino moja la mbele halipo, lakini nakula.

Sasa Yaya, kaa chini. Kasereka amefika kwako? Mwanangu alivuka mto wa mpaka pale Mpondwe akiwa na wachukuzi wa kahawa, akaelekea huko kwenu Butembo, mkono wake wa kuume umefungwa kwa kipande cha kitenge changu cha njano. Tangu siku ile sijasikia neno. Kila mama anayetoka Beni na mzigo namwuliza, hata kabla hajautua. Nakueleza yote, usije ukaambiwa na watu kwamba aliiba au alipigana ulevini.

Kazi yetu unaijua. Mhindi wa duka la picha kule Kasese, siku Wahindi wote walipofukuzwa nchini, alimwachia Kasereka kamera yake ya miguu mitatu, kwa kuwa alikuwa amemfundisha. Tukaja Bwera kwa ajili ya soko. Tunapiga nje, kwenye ukuta, upande wa kivuli. Kasereka hapendi jua la mchana, anasema linachimba mashimo machoni, mtu anatoka kama fuvu. Anamkalisha mteja kivulini, na mimi nasimama pembeni nimeshika shuka jeupe, mwanga unaruka kutoka kwenye shuka unamwosha uso. Hiyo ni kazi yangu ya kwanza. Ya pili ni mikono. Watu wanaokuja kwetu wametoka mbali, wakimbizi wenzetu, wachimba madini, askari, na picha zao zinakwenda kwao. Kule kwao macho hayaanzi usoni, Yaya. Yanaanza mikononi. Mikono isipoonekana, kilio kinaanza: mtu wetu amekatwa huko. Kwa hiyo namweka kila mtu mikono juu ya magoti, vidole vimefunguka, namwambia, "Panua, baba, mama yako ahesabu."

Huku siku hizi watu wanapigwa kama ngoma. Muuza chumvi mmoja askari walimvunja mbavu mbele yetu kwa sababu alichelewa kusimama walipopita. Alilia chini pale, na sisi tukaendelea kupanga nyanya. Ungefanya nini?

Katika askari hao yupo mmoja mrefu, tunamwita Koplo tu, jina lake nani atamwuliza. Alikuja akakaa kwenye kiti chetu, nikampanga mikono, picha ikatoka vizuri. Akaitazama, akasema, "Hii iko ya padri. Sasa nataka ya vita. Nakimbia, nachoma adui, wewe unapiga."

Adui alikuwa mgomba ulioko nyuma ya soko. Aliacha bunduki kwa wenzake akabaki na singe mkononi, kile kisu cha mdomoni mwa bunduki. Kasereka akatazama mlimani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashamba ya Kyondo.

"Afande, tungoje jua kidogo. Wingu likiwa hivi jicho la kamera linakaa wazi muda mrefu, mtu akikimbia anageuka moshi."

"Jua iko ya baba yako? Piga!"

"Basi kimbia ukija kwangu, afande, usipite mbele yangu. Anayekuja anashikika kuliko anayepita."

"Wewe unafundisha mimi kukimbia?"

Akapita kama alivyotaka, akauchoma mgomba, akaupasua, akaukanyaga ulipoanguka. Kasereka akapiga.

Picha ilipotoka, Koplo alikuwa na kichwa, ana kifua, ana buti. Mkono wa kuume haukuwepo. Kutoka begani ulikuwa moshi tu, na singe imesimama kwenye mgomba peke yake. Wenzake waliipokea kabla yake. Wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Koplo! Mukono uliacha kwa bibi gani?"

"Singe inachoma yenyewe! Sisi jeshi ya mapepo!"

Naye alicheka pamoja nao, mpaka wakachoka kucheka. Kisha akachukua bunduki yake kwao, akaja kwetu.

"Mukono yangu iko wapi?" Aliuliza polepole. "Mama yangu hajui kusoma. Anasoma picha. Ataona mutoto yake hana mukono, atakufa."

Yaya, kwa neno lile nilimhurumia. Ni maneno yangu mwenyewe ya kila siku. Nilifungua mdomo nimwambie, afande, tutapiga nyingine bure, jua linakuja. Hakuningoja. Alimshika Kasereka kifundo cha mkono, akauweka mkono wake juu ya kiti chetu, kiti kilekile cha wateja, akaupiga kwa kitako cha bunduki. Akaupiga tena. Nilisikia mifupa, ikilia kama kuni mbichi ukizivunja gotini. Nikamrukia mgongoni, sijui nilimshika wapi. Askari mwingine akanipiga buti mdomoni. Lile jino nililimeza pamoja na damu.

Koplo akasema, "Sasa tunapiga ingine."

"Fundi hana mukono, afande," mwenzake akamwambia, bado anacheka.

"Mama yake iko na miwili."

Akamvuta mwanangu akamsimamisha kando ya mgomba mwingine, bega kwa bega na ule mgomba, kamera ikiwa nyuma yake. Akasema mgomba hauogopi, anataka adui mwenye damu. Akanitazama mimi. "Mukono yangu ikipotea tena kwa picha, mara ya tatu sitachoma mugomba."

Nilisimama nyuma ya kamera, damu inanidondoka kifuani. Kasereka alikuwa amenipa mgongo, mkono wake unaning'inia. Akaanza kusema nami kwa lugha yetu, bila kugeuka. "Mama, wingu limefunguka, nasikia jua shingoni. Usimfuate kwa macho. Mwache aje. Unaujua mchi? Ukifika juu unapumzika kidogo ndipo unashuka. Na mkono wake utapumzika hivyohivyo. Bonyeza hapo, si kabla."

"Munasema nini?"

"Anaomba Mungu, afande," nikajibu.

"Mwambie Mungu asogee kando, ataharibia mimi picha."

Akaja. Alikuwa mdogo kule mwisho wa migomba, akawa mkubwa, akawa mkubwa zaidi, anapiga kelele, mate yanamtoka. Kidole changu kilitaka kubonyeza kwa woga. Nilikizuia kama unavyomzuia mtoto asiingie motoni. Nikajiambia, Katungu, umetwanga tangu ukiwa msichana, huyu ni mchi tu. Mguu wake ukakanyaga mbele ya mwanangu, singe ikapanda nyuma ya sikio lake mwenyewe, ikasimama. Nikabonyeza. Halafu nikafumba macho, maana kazi ya picha ilikuwa imekwisha na iliyobaki ilikuwa yake.

Nilipofumbua, singe ilikuwa imezama kwenye mgomba, karibu na shingo ya Kasereka, na maji yanamtiririka begani. Nililia nikidhani ni damu. Yalikuwa maji ya mgomba.

Koplo akampiga kofi mgongoni kama rafiki. "Adui muzuri. Hajakimbia."

Kabla jua halijazama tuliisafisha ile picha kwenye chumba chetu kilichozibwa madirisha, yeye maneno, mimi mikono. Mkono wa Koplo ukatoka kwenye maji ya dawa taratibu, kwanza ngumi, halafu singe, mpaka ukucha wa kidole gumba. Kasereka akasema, "Umemshika, Mama." Kisha akatapika kwa maumivu.

Nikamwambia aende saa ileile. Akakataa, "Na wewe?" Nikamwambia, mimi nitapeleka picha, nisipoipeleka watatufuata wote wawili. Nikamfunga mkono kwa kitenge, akaenda. Hakugeuka nyuma, na mimi nilimwomba asigeuke.

Asubuhi Koplo aliishika picha kwa ncha za vidole. Alihesabu vidole vyake mwenyewe kwenye karatasi, akapangusa macho. Pembeni mwa picha kulikuwa na mgongo wa mwanangu. "Huyu, mama yangu atauliza ni nani." Akakata kile kipande kwa singe, akanipa. "Chukua mutoto wako."

Hicho ndicho nilicho nacho, Yaya. Bega moja, na mkono unaning'inia, vidole vimevimba havihesabiki. Nimekiweka chini ya mto, sikitazami.

Na hayajaisha. Sasa askari wote wanataka ya vita. Mimi ndiye fundi wao. Wanakuja na maadui wao, wanamtoa mtu yeyote sokoni, jana walimleta mzee wa Nyakiyumbu na kuku wake kwapani. Nabonyeza mkono ukiwa juu, halafu nafumba macho. Wengine hawasimamishi mkono vizuri kama Koplo. Yule mzee alikatwa sikio, wakamwambia ni ajali, arudi kwake. Nataka kuondoka, njia ya kupita ninaijua, lakini siwezi kukanyaga maji yale kabla sijajua yalimvusha mwanangu au yalimchukua.

Kama yuko kwako, mpeleke kwa yule mzee anayeunga mifupa, usimsikilize akisema haumwi. Halafu mpeleke kwa mpiga picha wa huko mjini. Asisimame kishujaa. Mkalishe kivulini, ushike wewe mwenyewe shuka jeupe, mikono yote miwili juu ya magoti, hata ule uliopinda. Atataka kuuficha mfukoni, namjua. Uutoe. Mwambie, panua, mama yako ahesabu.

Na kama hayupo, usinifungie maneno matamu. Niandikie hivyohivyo.

Msalimie tena mama mzee, lakini habari ya kiti usimsomee. Binti yangu mwambie mama yake anafanya kazi. Shemeji na mjomba katekista waniombee.

Ni mimi mdogo wako, Katungu, mama wa Kasereka.

Barua hii anakuletea muuza samaki wa chumvi, ameificha kwenye kitenge cha mtoto wake mgongoni. Anageuza kurudi siku ya soko. Jibu upesi, Yaya, usimwache arudi mikono mitupu.